Nyuma ya Daftari la Miguu

Jumamosi, 7 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu: siku Baba alipoambiwa ana kisukari, mie nilifurahi.

Naandika upesi kabla aibu haijanishika mkono. Ilikuwa juzi Alhamisi, kituo cha afya. Daktari alisoma kumi na saba nukta tatu, akasema kwa mtu ambaye hajatia kitu mdomoni toka jana yake hiyo ni sukari nyingi mno. Kisha akauliza, "Mzee Kasimiri, kuanzia leo usiwe unakuja peke yako. Nani atakuwa anakusindikiza?" Mama alikuwa pale pale, ameshafungua mdomo kujibu. Baba akanionyesha mie kwa kidevu.

"Huyu. Amesoma."

Nina miaka kumi na sita, na sikumbuki siku nyingine ambayo Baba alinichagua kwa kitu chochote. Si kwamba ni mkali. Ni mchongaji, anaongea na mpingo kuliko anavyoongea na watu, na mie mwenyewe siongeagi, basi tunaweza kumaliza wiki nzima ndani ya nyumba moja kwa shikamoo na marahaba tu. Mama alianza kulia. Mie nikainamisha kichwa ili asiuone uso wangu.

Daftari hili nimepewa na Sista Felicitas, nesi wa kliniki ya kisukari. Mbele nimepiga mistari alivyonielekeza: tarehe, dawa ya asubuhi, dawa ya jioni, miguu. Halafu nimeligeuza juu chini, na huku nyuma naandika ya kwangu. Atakayelifungua kwa mbele hatajua.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Masika imewahi. Dawa asubuhi, dawa jioni. Miguu: safi.

Jumatatu, 9 Machi

Mtaa mzima umeshajua. Mama anauza vitumbua barazani, na kila anayekuja kununua anaacha dawa yake: maji ya bamia, unga wa mlonge, majani ambayo jina lake hata aliyeyaleta halijui. Mama anapokea vyote, anashukuru, anavipanga dirishani, kisha anampa Baba vidonge vya kliniki. Ugali wa Baba anaupima kwa kibakuli kidogo, nusu ya sahani inajaa mchicha. Baba leo alilitazama bakuli kwa muda mrefu.

"Eufrazia, umepikia mie au kifaranga?"

"Kula."

Bandani, anakochongea Baba, nako habari zimefika. Ba'mdogo Mfaume ni mtani wa Baba, wamechonga pamoja huku Gongo la Mboto tangu mie sijazaliwa. Amefunga, koo limemkauka, lakini maneno hayajamkauka.

"Kasimiri, huo ni ugonjwa wa matajiri. Wewe umeupatia wapi, na suruali hiyo?"

"Nimeazima."

"Kwa nani?"

"Kwako. Kwani hukujua unao?"

Walicheka mpaka wakaweka chini tezo zao za kuchongea. Baba anamchonga Mtakatifu Yosefu, wa mpingo, urefu wa kunifika kiunoni. Kigango chetu, kanisa dogo la mtaani, kina jina la Yosefu Mfanyakazi, na sanamu itabarikiwa siku ya sikukuu yake, tarehe moja Mei. Katekista ameshatangaza mara mbili.

Alhamisi, 12 Machi

Sista Felicitas ana uzi mgumu wa plastiki, mfano wa mshipi wa kuvulia samaki. Alimwambia Baba afumbe macho, na kila atakaposikia uzi unamgusa unyayoni aseme ndiyo.

"Ndiyo," akasema Baba. "Ndiyo. Ndiyo."

Mie nilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Nikaona Sista ameuinua uzi hewani, haugusi kitu. Anasubiri tu.

"Ndiyo," akasema Baba.

Sista akanitazama. Akasubiri tena.

"Ndiyo."

"Mzee wangu, sijakugusa."

Baba akafumbua macho, akacheka kama mwanafunzi aliyekamatwa anaangalizia. Lakini masikio yake, ambayo nilikuwa nayaona vizuri kutoka pale, hayakuwa yanacheka.

Baadaye tulikaa na wagonjwa wengine kwenye mabenchi ya nje, chini ya bati, mvua inapiga mpaka Sista anapaza sauti. Tazama nyayo kila siku, kwa kioo au kwa macho ya mwenzio. Usitembee peku hata ndani. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu. Kidonda hata kikiwa kidogo kama punje ya mchele, njoo siku hiyo hiyo. Fundi cherehani mmoja, dada Gladness, alipandisha gauni akagonga mguu wake wa bandia, ngo ngo. "Mie nilikaa wiki mbili na msumari wa kandambili," akasema. "Niliona aibu kusumbua watu kwa ajili ya msumari."

Mwisho Sista akamgeukia Baba. "Na ile kazi ya kubania gogo kwa nyayo, mzee, hiyo basi."

Niieleze, kwa sababu Sista alikuwa anaizungumzia kama tabia mbaya. Wachongaji wa kwetu Newala hukaa chini, miguu mbele, gogo limebanwa katikati ya nyayo. Nyayo ndizo zinazolishika na ndizo zinazoligeuza, mikono yote miwili inabaki ya tezo na patasi. Baba hajui namna nyingine.

"Sawa, Sista," akasema.

Mie nimepewa cheo. Mlinzi wa miguu.

Jumatano, 18 Machi

Kijitabu cha kliniki kimeandikwa Kiingereza kitupu, kililetwa na wafadhili. Jioni Baba alikaa kwenye kigoda, nikaikagua miguu, nikawa nasoma kimoyomoyo kisha namwambia kwa Kiswahili. Alisikiliza kweli kweli, kidole kikifuata picha. Ukurasa wa tisa una picha ya mguu uliofungwa bendeji, na chini yake habari za kukata. Niliupitia kwa macho, nikafunua wa kumi.

"Hapo wamesema nini?"

"Wamerudia tu, Baba. Viatu."

Hatujawahi kukaa hivyo, mie na yeye. Sikutaka jioni iharibike.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Ba'mdogo Mfaume kaleta pilau. Mama kampimia Baba kwa bakuli la kifaranga. Miguu: safi.

Jumanne, 24 Machi

Maji yameingia madarasani, tumerudishwa mapema. Nikampelekea Baba chakula bandani. Ba'mdogo Mfaume alikuwa kaenda mjini kufuata msasa.

Baba alikuwa chini juu ya gunia. Viatu vya kliniki vimepangwa ukutani kama viatu vya mgeni. Yosefu amebanwa katikati ya nyayo. Anapiga tezo, anageuza kwa mguu, anapiga. Vibanzi vya mpingo ni vyeusi, lakini vile vya karibu na mguu wa kushoto vilikuwa vinang'aa. Nikadhani bati linavuja. Nikaokota kimoja, vidole vyangu vikawa vyekundu.

"Baba, umejikata."

"Wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Hicho ndicho kilichonitisha, si damu. Kidonda kiko upande wa nje, chini ya kidole kidogo. Mdomo wa tezo umezama pale kama kwenye boga, na mwenye mguu anauliza wapi.

Nilimfunga kwa leso yangu ya shule. "Baba, twende kwa Sista. Alisema siku hiyo hiyo."

"Nikienda leo watanifungia nyumbani, na Yosefu hana uso." Alikuwa anavaa soksi taratibu. "Vidonda vya tezo nimekuwa navyo tangu utoto, vinapona vyenyewe. Mpaka Yosefu asimame, basi. Mama yako usimwambie, atapiga yowe mpaka Pugu." Akanitazama. "Hii iwe ya kwetu wawili."

Ya kwetu wawili. Nilifagia vile vibanzi, nikavipeleka nyumbani, nikavitia kwenye jiko la Mama. Vimepika vitumbua. Mbele nimeandika: safi.

Jumatano, 25 Machi

Maji ya chumvi, spiriti, kitambaa kipya. Safi.

Alhamisi, 26 Machi

Kliniki hatukwenda. Baba kamwambia Mama barabara imekatika. Haijakatika. Safi.

Jumamosi, 28 Machi

Mama alipita na sufuria, akatuona kwenye beseni, Baba kwenye kigoda na mie nimechuchumaa. Tulikuwa tumempa mgongo. "Mungu awabariki," akasema. Safi.

Jumatatu, 30 Machi

Kingo zimekuwa nyeupe kama muhogo uliolowekwa. Nilimwambia tena twende. "Mpaka Yosefu asimame." Nikabonyeza pembeni ya kidonda, makusudi, kwa nguvu. Aliendelea kunisimulia habari za visima vya Newala, hata sauti haikubadilika. Zamani ningetoa chochote anisimulie habari za Newala.

Safi.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Padre huosha miguu ya wanaume kumi na wawili, mmoja kutoka kila jumuiya. Jumuiya yetu ilimchagua Baba, kwa heshima ya Yosefu. Sikujua mpaka jana jioni. Mama alikuwa amelificha jambo hili apate kumshtua, na shati ameshalipiga pasi mara mbili.

Nilikuwa kwenye kwaya, safu ya nyuma, mahali ninapojificha kila Jumapili. Wanaume kumi na mmoja walikaa mbele ya altare miguu yote wazi, wamepandisha suruali, wanaoneana haya. Baba alivua kiatu cha kulia tu. Cha kushoto kilibaki, na soksi yake. Padre alipofika kwake akapiga magoti, akakitazama kidogo kile kiatu cha kushoto, Baba akanyoosha mguu wa kulia. Ukaoshwa, ukakaushwa, ukabusiwa. Kwaya ilikuwa inaimba na mdomo wangu ulikuwa unafunguka, sauti haitoki. Baba aliinua macho juu ya kichwa cha Padre, akatafuta, akanipata. Kanisa zima lilikuwa linatazama mguu wake mmoja, na yeye ananitazama mie ninayeujua wa pili.

Njiani Mama akauliza, "Kwa nini hukuvua vyote?"

"Padre anaosha mmoja."

"Wenzako walivua vyote."

"Wenzangu hawana sukari. Sista kakataza peku."

Mama akanigeukia, mwavuli mkononi. "Ni kweli, Editha?"

"Ni kweli, Mama."

Mpaka leo nilikuwa nadanganya kwa kalamu. Tulipofika, nilipovuta soksi, harufu ilitoka kabla ya mguu.

Jumamosi, 4 Aprili

Baba anatetemeka. Mama kasema malaria, kanunua dawa duka la mwisho wa mtaa, kamfunika mablanketi mawili. Hakuna aliyekwenda mkesha wa Pasaka. Mbele sikuandika kitu.

Pasaka, 5 Aprili

Wekundu umepanda mpaka kifundo. Nilimnong'oneza: Baba, nimwambie Mama? Akasema, "Mpaka Yosefu asimame," lakini alikuwa haniangalii, alikuwa anaongea na ukuta. Mama alikuwa uani, anachuja tui la wali ambao Baba hatakula, anaimba Aleluya kwa sauti ya chini kama mtu anayejipa moyo. Nilisimama mlangoni nyuma yake. Sentensi nilikuwa nayo kamili. Nikarudi ndani nayo.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Nilimwambia Mama nakwenda kuazima notisi.

Sista Felicitas alikuwa zamu, chumba cha kufungia vidonda. Watu saba kwenye foleni, na mie wa nane ambaye hana kidonda. Zamu yangu ikafika.

"Editha! Mzee yuko wapi?"

Nilifungua mdomo. Nikafunga, nikafungua tena. Kimya hiki nakijua tangu darasa la kwanza: mwalimu ameuliza, jibu ninalo, ulimi umegoma. Nikampa daftari. Alilifungua kwa mbele, akapitisha kidole: safi, safi, safi.

"Hongera. Umejaza vizuri kuliko wote."

Ile hongera ndiyo iliyonivunja. Nikalichukua daftari mkononi mwake, nikaligeuza juu chini, nikatafuta tarehe ishirini na nne Machi, nikamrudishia.

Alisoma amesimama. Aligeuza ukurasa, akaendelea. Hakuniuliza kwa nini. Alivua glavu, akamwambia mwenzake ashike chumba, akanishika bega. "Bajaji. Twende."

Mama alikuwa barazani. Alipomwona Sista na sare yake akasimama, kijiko cha vitumbua mkononi, mafuta yanachuruzika kwenye kanga, hayaoni. Sista akaingia mpaka kitandani.

"Shikamoo, mzee Kasimiri. Naomba mguu wa kushoto."

Baba hakubisha. Alimtazama Sista, akalitazama daftari mkononi mwa Sista, halafu mie. Akafumba macho. Blanketi likafunuliwa, soksi ikavuliwa, na Mama akaona.

Hakupiga yowe. Mama ambaye hupiga kelele kwa ajili ya chumvi alikaa chini, sakafuni, taratibu. "Hata wewe, Editha," akasema. "Nilikuwa napita na sufuria nasema Mungu awabariki."

Jumatano, 8 Aprili

Wamekata vidole viwili, kile kidogo na jirani yake. Daktari wa hospitali ya rufaa kasema zingepita siku mbili tatu zaidi wangekata hapa, akaweka kiganja chini ya goti. Sista Felicitas alikuja jioni kutujulia hali, akaniambia nilishike hilo, kwamba mguu upo kwa sababu nilikwenda.

Nalishika. Lakini kuhesabu najua. Siku kumi na tatu kabla, ilikuwa bendeji tu.

Ijumaa, 10 Aprili

Mie na Mama kwenye benchi la nje ya wodi, tunasubiri saa ya kuona wagonjwa. Nilikuwa nangoja anitukane, ingekuwa nafuu. Badala yake akaanza kusema, macho kwenye mfuko wa uji.

"Babu yako alikuwa na sukari. Sie hatukujua jina, tulisema amekanyaga kitu. Walipomkata mguu, hospitali wakatukabidhi tukauzike. Kaka zangu walikuwa mbali, nikaenda na shangazi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilishika jembe mie." Akauweka sawa mfuko. "Mzito mguu wa mtu, Editha. Hujui. Baada ya miezi minne tukamzika na yeye mwenyewe."

Kwa hiyo kibakuli. Kwa hiyo chai isiyo na sukari, ambayo sasa ndiyo nakumbuka kwamba na yeye anainywa, hajawahi kusema kitu, hajawahi kujipimia tofauti. Nilikuwa nadhani Mama anamlinda Baba kwa kelele. Kumbe kelele ilikuwa woga, na katika nyumba nzima yeye ndiye aliyejua anaogopa nini.

Nilimwomba msamaha. Nilisema kwa sauti, maneno matatu. Akaniambia niutazame uji usimwagike.

Jumanne, 14 Aprili

Baba karudi nyumbani. Namfunga bendeji kila jioni, Mama amesimama nyuma yangu anatazama. Baba haongei na mie. Nikimwamkia anaitikia, basi. Zamani tulikuwa hivi hivi na nilikuwa sijui kama inauma.

Mbele: kushoto, vidole vitatu, mshono mkavu. Kulia, safi. Ni kweli yote.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua kubwa, Mama kakwama sokoni. Nilikuwa nafunga bendeji. Baba akasema, kama vile tulikuwa katikati ya mazungumzo:

"Unajua kwa nini nilimwambia Sista ndiyo?"

Nikatikisa kichwa.

"Mti unasikika kwa unyayo. Mkono unapata kishindo tu. Unyayo ndio unakuambia hapa kuna ufa ndani, hapa punguza. Baba yangu alinifundisha amenifunga macho. Toka mwaka juzi nikawa sisikii. Nikadhani mti ndio umenyamaza. Nikabadilisha mti, nikabadilisha na tezo. Aliponishika Sista na ule uzi wake, nikajua ni mie." Alikuwa anaongea na dirisha. "Sasa mchongaji asiyesikia mti anaitwa nani? Nikataka Yosefu amalizike kabla watu hawajajua."

Nilibana bendeji kwa plasta.

"Na ukurasa wa tisa," akasema. "Gladness alishaniambia kilichoandikwa, siku ile ile ya mabenchi. Nilikuwa nasubiri uusome."

"Nisamehe, Baba."

"Tunafanana vibaya, mie na wewe." Akaushusha mguu. "Ulifanya vizuri kwenda. Nilikukasirikia kwa sababu ulifanya nilichoshindwa."

Jumatatu, 20 Aprili

Ba'mdogo Mfaume kaleta dude la mbao za mninga, refu kama benchi. Mbele lina meno mawili yaliyovishwa mpira wa tairi. Chini kuna kikanyagio.

"Nini hiki?"

"Punda. Unampanda, unakanyaga hapa na kiatu chako, meno yanabana. Mikono huru."

"Mie si seremala, Mfaume."

"Wala hukuwa na vidole vinane. Panda, wewe, usinichoshe."

Baba alipanda. Yosefu akabanwa. Baba akapiga tezo mara moja, mbili, akaiweka chini. "Sisikii kitu. Nitampasua." Alikuwa anashuka. Yosefu pale alikuwa na mabega na nusu ya paji la uso, amebaki hivyo tangu kabla ya Pasaka, na nikaelewa kwamba Baba akishuka sasa hatapanda tena, si kwa Yosefu wala kwa mwingine.

Nikavua kiatu. Sijui niliamuaje. Nikakaa upande wa pili, mbali na tezo, nikaweka unyayo wangu kwenye kitako cha gogo.

Wote wawili wakanitazama. "Piga, Baba," nikasema.

Akapiga polepole, kwa kisigino cha tezo, upande usio na makali.

"Sema unachosikia."

Mie, kusema. Mvua ilikuwa inapiga bati, wanaume wawili wazima wanangoja. "Hapo... pagumu. Panatekenya mpaka kwenye goti." Akasogea, akapiga. "Hapo vile vile." Akasogea. "Hapo hapana. Hapo panajibu kwa kuchelewa. Kama kuna hewa."

"Ufa," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Baba alipitisha kidole gumba pale, chini ya mahali zitakapokaa ndevu za Yosefu, akachukua penseli akazungushia. "Tutamkwepa," akasema. Tu-ta. Ba'mdogo Mfaume akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo. "Kasimiri," akasema huko chini, "una bahati wewe, umeazima mpaka miguu."

Alhamisi, 23 Aprili

Kliniki. Tisa nukta nane. Kwenye mabenchi Sista aliuliza nani ana neno, na Baba, ambaye hana maneno, akasimama, akavua kiatu na soksi mbele ya watu wote. "Nilikuwa na jeraha siku kumi na tatu," akasema. "Niliona aibu." Dada Gladness akagonga mguu wake, ngo ngo, na bibi mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akaanza kuvua kandambili zake kimya kimya, akamwita Sista aje atazame.

Ijumaa, 1 Mei

Yosefu amesimama. Amebarikiwa. Mvua iliacha wakati wa maandamano, ikarudi wakati wa matangazo.

Kila mtu alikwenda kumtazama karibu, kisha akainama kutazama chini, kisha akaanza kunong'ona. Baba kamvisha Yosefu viatu. Si makobazi. Viatu vya kufunika, vya kamba, fundo limechongwa mpaka linaonekana mkunjo. Katekista alikuja, mikono nyuma.

"Mzee Kasimiri, hivi enzi zile Yosefu alivaa viatu vya kamba?"

"Alikuwa fundi," akasema Baba. "Fundi havai kandambili."

Mama alicheka kanisani. Mama! Padre alisema vitabaki hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua zinapungua, asubuhi kulikuwa na jua mpaka saa nne. Kila nikitoka shule napita bandani, navua kiatu, nasema ninachosikia. Ba'mdogo Mfaume ananiita daktari wa magogo. Nimegundua naweza kuongea nikiwa nimeulizwa na mti.

Nimesoma upya huku nyuma, tangu mwanzo. Sista alisoma kuanzia tarehe ishirini na nne. Ukurasa wa kwanza hajausoma mtu. Nilifikiri kuuchana. Nilifurahi siku ile, na kwa furaha hiyo nikanyamaza siku kumi na tatu, ili kiwe cha kwetu wawili kitu ambacho kilikuwa kinamla. Siuchani. Siku moja nitamwambia, maana yeye aliniambia ya kwake. Leo bado.

Namsikia sebuleni. Kiatu, kiatu, fimbo. Kiatu, kiatu, fimbo. Miguu yote miwili. Kabeba beseni mwenyewe, maji yanamwagika, Mama anamfokea asije akateleza. Anaita, eti nije nipime maji kwa kiwiko. Hanisubiri, anakuja. Yuko mlangoni.

Nageuza daftari.